Mstari wa Sifuri

Mjane alimwambia maneno yale mbele ya watu, sebuleni kwake, bila kupaza sauti na bila kumtazama usoni.

"Mume wangu alikuwa anakusalimia kila siku ya Mungu. Kila asubuhi. Hukumjibu hata mara moja. Leo ndiyo umekuja kuniambia pole?"

Bi Muhtasari alibaki ameinama, mkono wake umenyooshwa na haujapokelewa. Mwanamke mmoja aliyekuwa karibu akajitia kutafuta kitu kwenye mkoba. Alitaka kusema si kweli. Alitaka kusema kwamba tangu siku waliyokosana, marehemu hakumtolea hata neno la "habari", achilia mbali salamu ya kila asubuhi. Lakini nani atabishana na mfiwa, na kaburi bado bichi? Akaurudisha mkono wake, akasema, "Pole sana, wifi."

"Mimi si wifi yako," mjane akamjibu.

Akatoka. Alipofika barabarani ndipo akagundua kwamba hakuwa amelia. Jambo moja lilimkaa kichwani, na kuanzia siku ile halikumtoka: yule mtu alikufa na kinyongo naye, au alikufa amemsamehe? Maana alikuwa na haki ya kuwa na kinyongo. Hilo Bi Muhtasari alilijua kuliko mtu yeyote.

Jina hilo la Bi Muhtasari hakupewa na wazazi wake. Alipewa na huyohuyo marehemu, likamkaa sawasawa, mpaka wafagizi na madaktari wote wakawa wanamwita hivyo. Ukitaka kujua lilitoka wapi, itabidi urudi kwa mama yake, ambaye alikuwa msusi. Msusi ana kichwa cha mtu mkononi nusu ya siku, na mwenye kichwa hana pa kwenda, kwa hiyo habari zinasimuliwa bila haraka. Mama yule ukimuuliza kwa nini amechelewa kutoka dukani, ataanza na mvua iliyonyesha siku shangazi yake alipoposwa, apite kwenye ugomvi wa majirani wawili ambao wote walikwisha kuhama, ndipo afike dukani, na akifika anakuta kumefungwa. Binti yake, aliyekuwa akikaa kwenye kigoda kumpa chanuo na nyuzi, alikua akiwa na swali moja mdomoni: "Mama, mwishowe ikawaje?" Na mama kila mara alimjibu, "Tulia, hatujafika huko."

Binti akachoka kusubiri kufika. Shuleni akapenda hesabu, kwa sababu hesabu ina jibu, na jibu unalipigia mstari chini ukaenda zako. Chuoni akapenda kompyuta, kwa sababu ukiiuliza inajibu ulichouliza, haikupi habari za shangazi. Akaolewa na dereva wa malori, mwanamume wa maneno machache kama yeye, na ndoa yao ikaenda kwa ujumbe wa simu wa "Nimetoka" na "Nimefika", na hakuna aliyelalamika. Hata binti yao akirudi kutoka shule analia, akianza, "Kwanza tulikuwa tunacheza, halafu yule...", mama mtu anamkatiza: "Nipe muhtasari. Nani kakupiga?"

Alifanya kazi hospitali kubwa, kitengo cha rekodi, kwenye chumba cha chini kabisa ambacho wagonjwa hawakijui. Kazi ya chumba kile ilikuwa kutunza hifadhidata, yaani kumbukumbu zote za wagonjwa zilizomo kwenye kompyuta: nani alikuja, anaumwa nini, alipewa dawa gani, arudi lini. Ndani mlikuwa na meza mbili zilizopakana, birika la umeme, ndoo ya kukinga maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi, na feni za mashine zilizovuma mchana kutwa. Meza ya pili ilikuwa ya Kaka Ratiba.

Kaka Ratiba ndiye aliyekuwa mkuu wa kitengo; alikuwa amemtangulia kazini, na ndiye aliyemfundisha. Aliitwa hivyo kwa sababu kazi yake ilikuwa kuipangia mashine kazi za kujiendesha zenyewe kwa saa zake: saa ikifika, kazi inaamka, inafuata hatua alizoiandikia, inamaliza, inalala. Mtu mwingine kazi hizo angezipa namba. Yeye alizipa majina. Ile iliyoamka alfajiri kupanga orodha ya wagonjwa wa siku hiyo, kila mmoja na kliniki yake, aliiita Jogoo. Ile iliyonakili rekodi zote za wagonjwa kwenda kwenye mashine ya akiba aliiita Mama Mkwe, kwa kuwa ilikuja na mizigo, ilikaa sana, na ikishakuwa ndani hakuna aliyethubutu kugusa kitu. Na ile iliyokuwa ikifuta historia kuukuu za kazi zenyewe, isibaki ila ya mwezi mmoja, aliiita Ufagio.

Alikuwa mtu wa maneno mengi, wa kuzunguka, kama yule msusi, na pengine ndiyo maana walipatana. Yeye anaeleza, mwenzake anakatiza. "Kaka, nipe muhtasari." "Muhtasari wa nini, mdogo wangu? Hata chai hujanywa!" Mkewe alikuwa dobi, ndiye aliyepiga pasi makoti meupe ya madaktari wa pale, na kila alipoleta mzigo alishuka chini kusalimia. Yeye na Bi Muhtasari wakaitana wifi na kutaniana kwa haki kabisa. "Wifi, huyu kaka yako ananimalizia sukari." "Wifi, mimi sikukuchagulia." Miaka ikaenda hivyo.

Halafu ikaja siku ya Mama Mkwe kushindwa. Umeme ulikatika katikati ya kunakili, jenereta likachelewa kuwaka, kazi ikaishia njiani. Kaka Ratiba aliitwa kutoka nyumbani siku yake ya mapumziko. Akaja na kandambili, akaketi kwenye mashine tangu asubuhi, akarudisha kila kitu mahali pake kabla ya jioni, na hakuna rekodi ya mgonjwa hata mmoja iliyopotea. Bi Muhtasari aliyaona hayo yote kwa macho yake. Ndiye aliyemchemshia chai.

Kesho yake kwenye kikao, meneja alitazama saa yake, kisha akamgeukia. "Kwa kifupi, ilikuwaje?"

Aliulizwa kwa lugha yake mwenyewe. Akajibu, "Kazi ya kunakili ilishindwa. Ni kazi ya Kaka Ratiba." Akakaa.

Hakusema uongo. Yapime maneno yale moja moja, yote ni ya kweli. Lakini hakutaja umeme, hakutaja jenereta, hakutaja kandambili, na meneja alikuwa na kikao kingine kinamsubiri. Wiki haikuisha, ukuu wa kitengo ukatoka meza ya pili ukahamia meza ya kwanza. Jioni ile Kaka Ratiba alisimama mlangoni, mfuko wake begani.

"Ulikuwa na maneno mengine mdomoni, mdogo wangu," alisema. "Ukayameza."

Kisha akanyamaza, na alinyamaza moja kwa moja. Asubuhi alikuja, akavuta kiti chake, akampa mwenzake kisogo, akafungua kompyuta yake, akafanya kazi mpaka saa ya kutoka, na kwaheri hakuaga. Bi Muhtasari alikusudia kumwomba radhi. Kila siku alijiambia leo. Halafu anaingia, anakiona kile kisogo, maneno yanamkauka. Akajipa sababu: yule ni mkubwa kwake, na aanze yeye. Siku nyingine akajipa sababu ya upande wa pili: sasa mimi ndiye mkuu, nikianza mimi nitaonekana nambembeleza. Tuseme ukweli, alikuwa anaona aibu, lakini kwa aliyemtazama kwa nje alionekana anajisikia.

Na hapo ndipo kosa la pili lilipozaliwa, dogo, la watu wa kompyuta tu. Kila kazi ya ratiba ikimalizika, mashine inaandika historia yake, na haiandiki mstari mmoja. Inaandika mstari wa hatua ya kwanza, wa hatua ya pili, na kuendelea, na kila mstari una ujumbe wake: yaliyotokea hapo, pamoja na maneno yoyote ambayo mwenye kazi ameagiza yaandikwe. Halafu inaongeza mstari wenye namba sifuri, ambao hauna habari yoyote ila jinsi mambo yalivyoishia: imefaulu, au imeshindwa. Zamani Kaka Ratiba aliandika programu ya kuichota historia hiyo kila asubuhi na kuileta kwenye meza zote mbili, mistari yote, hatua zote, ripoti ndefu ya kukunjua. Bi Muhtasari alipopata ukuu, moja ya mambo ya mwanzo aliyoyafanya lilikuwa kujitengenezea ripoti yake. Aliongeza sharti moja tu kwenye msimbo, yale maandishi ya programu: lete mstari wa sifuri peke yake. Hakumwambia mwenzake. Angemwambiaje, na walikuwa hawasemeshani?

Tangu hapo kila asubuhi alisoma: Jogoo, imefaulu. Mama Mkwe, imefaulu. Ufagio, imefaulu. Alimaliza kusoma kabla hajavua koti, akaridhika, akaendelea na mambo mengine.

Kaka Ratiba akaanza kuvimba miguu. Alikuwa akivua viatu chini ya meza na kuvivaa kwa taabu saa ya kutoka, na Bi Muhtasari alikuwa akiona. Kisha siku moja meza ya pili ikawa haina mtu, na karani wa mapokezi akamwambia kwamba amelazwa, wodi ya wanaume, ghorofa ya juu. Jengo ni lilelile. Mlango wa chumba chao ukitoka, ngazi hizi hapa. Bi Muhtasari akamtumia ujumbe wa simu: "Ugua pole, kaka." Alikusudia kupanda. Kwanza kukawa na wakaguzi, halafu meneja akataka takwimu, halafu akaona haya kwenda mikono mitupu, halafu akaona haya zaidi kwa kuwa siku zimepita. Kila alipopita kwenye ngazi zile alitazama juu, akasema kesho.

Karani ndiye aliyeshuka kumwambia. "Kaka amefariki," akasema, na kwa kuwa naye alikuwa na uchungu akataka kueleza. "Jana jioni alikuwa amekaa vizuri tu, akaniuliza..."

"Basi," Bi Muhtasari akasema. "Nimeelewa."

Karani akamtazama kidogo, akapanda zake.

Hayo ndiyo aliyokwenda nayo msibani, na hayo ndiyo aliyorudi nayo, pamoja na maneno ya mjane juu yake. Anakusalimia kila asubuhi. Aliyageuza na kuyageuza. Labda alisema kwa sauti ndogo, feni zikaifunika? Akamuuliza mama anayefagia chumba chao, "Mama, uliwahi kumsikia kaka akinisalimia?"

"Mimi?" mama yule akaegemea fagio lake. "Mule ndani nyie wawili nilikuwa napita kama napita makaburini, mwanangu. Samahani kusema."

Akampigia mumewe, aliyekuwa safarini, akamweleza yote. Mumewe akasikiliza, akasema, "Mfiwa huyo. Achana naye." Jibu fupi, la namna aliyoipenda maisha yake yote, na siku ile likamuudhi mpaka akakata simu.

Wiki iliyofuata meneja akamwita. Akaunti ya marehemu kwenye mashine lazima ifungwe, ndiyo taratibu, na kazi yoyote iliyo kwa jina la akaunti iliyofungwa itagoma kuamka. Jogoo akigoma, asubuhi mapokezi hawatakuwa na orodha. "Zihamishie kwa jina lako," meneja akasema. "Zikague kwanza, hatua kwa hatua, usije ukahamisha ubovu."

Hatua kwa hatua. Mstari wa sifuri hauna hatua. Kwa hiyo Bi Muhtasari akaufungua msimbo wake, ule wa ripoti ya asubuhi, akalifuta sharti aliloliweka mwenyewe, akaiagiza mashine ilete historia nzima ya kila kazi. Ilikuwa mchana, watu wamekwenda kula. Historia ikaja, ya karibuni ikiwa juu.

Akaanza na Jogoo. Hatua ya kwanza, kuchota majina: sawa. Ya pili, kuyagawa kwa kliniki: sawa. Ya tatu, kutuma orodha mapokezi: sawa. Kulikuwa na hatua ya nne, ambayo hakuifahamu. Haikuchota kitu, haikugawa kitu. Ilikuwa imeagizwa kuandika maneno tu, na maneno yenyewe, kwenye mstari wa alfajiri ya siku ileile, yalikuwa haya:

"Bi Muhtasari, umeamkaje? Leo nalazwa huko juu, wodi ya wanaume. Mimi sina kinyongo. Panda ngazi uje tusalimiane."

Akayasoma mara moja, akaondoa mikono yake kwenye kibodi kama aliyegusa sufuria la moto. Alfajiri ileile. Mtu amekwisha kuzikwa, na mashine inasema leo nalazwa. Akashuka kwenye mstari wa jana: maneno yaleyale. Juzi: yaleyale. Ndipo akili ya kazi ikamrudia. Maneno yakishaandikwa kwenye hatua hubaki palepale mpaka aliyeyaandika ayabadilishe, na aliyeyaandika alikuwa ameinuka kwenye kiti kile siku aliyolazwa, hakurudi tena. Jogoo hajui habari za kufa. Alikuwa ameyarudia kila alfajiri tangu siku ile, siku zote ambazo Kaka Ratiba alikuwa juu kitandani, na alfajiri aliyofariki, na siku ile ya mkono usiopokelewa. Na kila siku, pamoja na maneno hayo, kulikuwa na mstari wa sifuri, ambao ndio pekee yeye aliousoma: imefaulu.

Akaendelea kushuka. Kabla ya kulazwa maneno yalikuwa yanabadilika.

"Bi Muhtasari, umeamkaje? Mama Mkwe jana alikaa mpaka nikataka kumtandikia kitanda."

"Bi Muhtasari, umeamkaje? Nilionja chai yako ulipotoka. Sukari umesahau, au ndiyo hasira?"

"Bi Muhtasari, umeamkaje? Kusema kwa mdomo nimeshindwa, kila nikigeuka nakuona umenuna. Ndiyo maana nasemea huku."

"Bi Muhtasari, umeamkaje? Najua unasoma, ripoti unaifungua kabla ya kuvua koti. Haya. Mimi nitangoja."

Na baada ya huo hapakuwa na kitu. Historia ilikatikia hapo, kwa kuwa Ufagio ulikuwa umekwisha kupita. Salamu ya kwanza kabisa, ile aliyoanza nayo, na zote zilizofuata, zilikuwa zimefagiwa kwa utaratibu alioupanga marehemu mwenyewe. Bi Muhtasari akakimbilia kwenye nakala za Mama Mkwe, akizifungua moja moja, ingawa alijua. Mama Mkwe hunakili rekodi za wagonjwa tu. Historia za kazi hazikuwa na nakala mahali popote.

Kwa hiyo jibu alilolitaka akalipata. Hakufa na kinyongo. Alikuwa amemsamehe, tena kwa maandishi, tena kila alfajiri, na maandishi hayo yalikuwa yakimfikia mtu aliyeyawekea kizuizi mwenyewe ili asisumbuke kusoma. Yule mtu alimgeuzia kisogo kwa sababu ya haya, na yeye akakiita chuki. Ndipo akalia, kwa sauti, na feni za mashine zikamfichia.

Alipomaliza akanawa uso kwenye bomba la korido, akapanda ngazi.

Alipanda zote mpaka juu, akaingia wodi ya wanaume. Kwenye kitanda alicholazwa Kaka Ratiba, ambacho namba yake aliisoma kwenye rekodi, kulikuwa na mzee mwingine, amelala ubavu, mguu umefungwa bendeji. Nesi akamuuliza amekuja kumwona nani. "Nimekuja kusalimia," akasema. Nesi akadhani ni ndugu wa yule mzee, akampa kiti, na Bi Muhtasari akakaa hapo kwa muda akitazama mlango. Kitanda kile kilikuwa kimewekwa kuuelekea. Kila anayeingia anaonekana tangu kwenye kizingiti.

Aliporudi chini akazihamisha kazi zote kwa jina lake, kama alivyoagizwa. Hatua ya nne ya Jogoo hakuigusa. Meneja akija kuuliza ni ya nini, atamweleza, na hatamweleza kwa kifupi. Kisha akazichapa zile salamu kwenye karatasi, akaikunja, akaenda nayo kwa mjane bila kupitia nyumbani.

Mjane alikuwa barazani na pasi ya mkaa, makoti ya madaktari yamelundikana kwenye kiti kimoja, yaliyokwisha kunyooshwa yananing'inia kwenye kamba. Alimwona akija, akaendelea na kazi yake.

"Shikamoo," Bi Muhtasari akasema, ingawa walikuwa wamelingana umri na hawakuwahi kuamkiana hivyo.

Mjane hakuitikia. Akaipokea karatasi kwa mkono wa kushoto, wa kulia bado umeshika pasi, akaisoma. Akafika mwisho, akarudi juu, akasoma tena. Pasi akaiweka kwenye kibati chake.

"Haya ndiyo maneno yake kabisa," akasema. "Umeyatoa wapi?"

"Kwa kifupi ni kwamba..."

"Usinipe kwa kifupi!" Sauti ya mjane ilipanda kwa mara ya kwanza. "Yule mtu alilala pale juu anatazama mlango. Kila mlango ukifunguka, anainua kichwa. Wewe uje hapa na kifupi chako?"

Bi Muhtasari, akiwa amesimama vilevile barazani, akaanza upya, akaanza mbali. Akaanza na siku umeme ulipokatika, na kandambili, na chai aliyoichemsha. Akasema alichokisema kwenye kikao, kisha akasema alichokiacha, neno kwa neno, maana alikuwa anakikumbuka chote. Akaeleza ripoti ndefu ya marehemu, na sharti aliloliongeza, na mstari wa sifuri, na mjane alipouliza mstari wa sifuri ni kitu gani akamweleza tena kwa njia nyingine, mpaka akaelewa. Akaeleza karani alivyoshuka na habari ya msiba, na yeye alivyomkatiza. Hakujitetea. Mkaa kwenye pasi ukawa unafifia na hakuna aliyeupepea.

"Kwa hiyo hukuyasoma," mjane akasema.

"Sikuyasoma."

"Na yeye amekwenda anaamini umeyasoma ukanyamaza."

"Ndiyo."

Hilo hakuna wa kulirekebisha, na wote wawili walilijua. Mjane akachukua koti moja kutoka kwenye lundo, akalikunja bila sababu, akalikunjua.

"Alinituma," akasema hatimaye, taratibu. "Alinituma nishuke nikuite. Si mara moja. Nikamwambia mtu anasalimiwa kila siku asiitikie, mimi nikamfuate kwenye ngazi? Nikamwambia nimeshuka, sikukukuta." Akajifuta macho kwa mkono wa lile koti la daktari. "Nilikuwa napita mlangoni pako na mzigo wangu. Nakusikia umo."

Bi Muhtasari akamsogelea, akaunyoosha mkono ule uliorudishwa siku ya msiba, na safari hii mjane akaushika, wala hakuuachia upesi.

"Karani alitaka kunieleza jinsi alivyokufa," Bi Muhtasari akasema. "Nikamkataza. Nieleze wewe."

"Nikueleze kwa kifupi?"

"Hapana. Anzia mwanzo."

Mjane akaondoa makoti kwenye kiti, akayahamishia mezani. "Basi kaa, wifi," akasema. Yeye akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, karatasi bado iko mapajani mwake. "Siku ile ya kulazwa aliamka kabla yangu, alfajiri bado haijaingia. Akachemsha chai mwenyewe, na miguu ile. Mimi nikamwambia rudi ukalale, akasema lazima apitie ofisini kwanza, kuna neno anataka kulibadilisha. Lakini ngoja, sijakwambia habari ya ile sukari, maana yote yalianza na sukari..."

Habari ikazunguka, ikapita kwa jirani, ikapita kwa fundi wa bomba, ikarudi nyuma ikaanza tena. Jua likahama kutoka upande mmoja wa baraza kwenda wa pili. Bi Muhtasari alikaa, mikono magotini, akaisikiliza yote, na hakuuliza mwishowe ikawaje.